Mtoto wa Nyamyumba na Jasho la Wakubwa

Tarehe 14 Agosti 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, ambao wengi wetu bado tunauita Gisenyi, ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya Ironman 70.3. Watu wazima, baadhi yao wakiwa wametoka ng'ambo, walilipa ada ili waogelee kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, waendeshe baiskeli kilomita 90, kisha wakimbie kilomita 21.1 na kufika mwisho wakiwa hoi. Ukitoka mjini ukafuata barabara ya ziwa kwenda kusini, hukawii kuingia Nyamyumba. Huko mtoto wa miaka mitano anapanda mlima na dumu dogo la maji, na hakuna anayempigia makofi.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Wakimbiaji wale hawakumkosea mtu, na mji ulinufaika kwa ujio wao. Lakini picha hizo mbili zikikaa pamoja zinaleta swali ambalo makala nyingi za malezi hazilifikii. Wazazi wanaambiwa wawe mfano mwema: fanya mazoezi, mwanao atakuiga. Ushauri huo uliandikwa kwa ajili ya mtoto anayeshinda sebuleni mbele ya televisheni, na mzazi anayeshinda ofisini. Unamwambia nini baba wa Nyamyumba aliyeshinda na jembe, au mama aliyeshuka na kupanda mlima mara tatu kabla ya chai ya asubuhi? Mtoto wao amekwisha kuwaona wakitoka jasho. Amewaona mno.

Tuupime kwanza mwendo wenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu au minne anatakiwa ajishughulishe kwa mwili dakika zisizopungua 180 kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za nguvu, zinazomfanya ahemee. Asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja, na alale saa 10 hadi 13. Mwongozo wa mwaka 2020 unamtaka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Nyamyumba ni nchi ya miinuko: ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ukingoni ardhi inapanda moja kwa moja kwenye migomba, mihogo na maharage. Mtoto wa miaka minne anayefuatana na dada yake kwenda kisimani, akamkimbiza mbuzi, akacheza mpira wa majani ya migomba hadi giza likaingia, amemaliza dakika zake na kuzidisha. Takwimu inayotangazwa kila mara, kwamba asilimia 81 ya vijana wa umri wa miaka 11 hadi 17 duniani hawajishughulishi vya kutosha, haikuanzia kwenye miteremko hii.

Kwa hiyo upungufu wa hapa si wa mwendo, walau si kwa mtoto mdogo wa kijijini. Shida iko katika maana anayoipa mwendo huo, maana anayoisoma kwenye nyuso za wakubwa. Mtoto hajui kuhesabu dakika. Anajua kama mama anaporudi na dumu anakunja uso, kama baba anasema kutembea kwa miguu ni mambo ya masikini, kama mwalimu anayemkimbiza kuzunguka uwanja amekasirika.

Picha ya kwanza anayoiona ni hii: kwa majirani wengi wa ziwa hili, mwili uliochoka ni alama ya mtu aliyekosa njia nyingine. Anayefanikiwa hupanda pikipiki, na akifanikiwa zaidi hununua gari. Kitambi kilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa cheti cha maisha mazuri, na hata leo shangazi akija kutoka mjini akiwa amenona husifiwa mlangoni kabla hajaketi. Mtoto anayekua akisikia hivyo anajifunza somo moja lililo wazi: nguvu za mwili ni kitu cha kutumia hadi utakapopata uwezo wa kuacha kuzitumia. Siku atakapohamia Kigali, akapata kazi ya kukaa, atashika somo hilo barabara. Ndipo shinikizo la damu na kisukari vitakapompata, naye amesahau kabisa kwamba aliwahi kuwa hodari wa kupanda mlima.

Picha ya pili ni mbaya kuliko hiyo. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kuelezwa kichurachura ni nini: unachuchumaa, unashika masikio, unaruka kama chura mpaka mapaja yawake moto, kwa sababu ulichelewa au hukumaliza hesabu za jana. Kuna kupiga pushapu kwa kosa la kelele, na kuzunguka uwanja kwa kosa la sare chafu. Katika ukanda wetu wote mwalimu asiyetaka kutumia fimbo hukimbilia adhabu ya viungo, na huona amekuwa mpole. Amekuwa mpole kwa ngozi ya mtoto, sawa. Lakini amemfundisha kwamba kukimbia, kuruka na kuchuchumaa, vitu ambavyo mtoto wa miaka sita hufanya kwa furaha bila kuambiwa, ni mateso yanayotolewa na mtu mwenye mamlaka. Kesho yake mwalimu huyo huyo akiingia na filimbi na kutangaza kipindi cha michezo, anashangaa nusu ya darasa inaumwa tumbo. Chama cha walimu wa elimu ya viungo cha Marekani, SHAPE America, kimekuwa kikipinga jambo hili kwa miaka mingi, na hoja yake ni hiyo hiyo: huwezi kutumia kitu kimoja kuwa adhabu leo na zawadi kesho. Nyumbani nako hatuko salama. Mzazi anayesema «usipotulia nitakutuma dukani mara mbili» amejenga shule ndogo ya namna ile ile.

Picha ya tatu ni ya siporo, kama mazoezi yanavyoitwa Rwanda. Serikali imeifanya kuwa jambo la umma. Tangu Mei 2016 Kigali imekuwa na siku ya barabara bila magari, kwanza mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili, ambapo watu hukimbia na kuendesha baiskeli pamoja, na pembeni wahudumu wa afya huwapima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Wilaya nyingine zina siporo zao za pamoja, na watumishi wa umma walitengewa saa za mazoezi Ijumaa alasiri. Viongozi wakubwa huonekana wamevaa raba na kaptula kama watu wengine. Kama mfano ungetosha, basi Rwanda ina mfano wa kutosha kuliko nchi nyingi za Afrika. Ongeza hapo Tour du Rwanda, ambayo karibu kila mwaka huwamwaga watoto wa shule pembezoni mwa barabara za milimani, na mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika.

Hata hivyo mtoto wa Nyamyumba anaitazama siporo hiyo kutoka nje. Anaona ni ya watu wa mjini na wafanyakazi wa ofisi, ni dawa ya kitambi. Anaona watu wanaokimbia kwa sababu daktari amewaambia. Naipenda siku ya bila magari, na ningependa miji yote ya ukanda wetu iige. Lakini mtoto wa miaka mitano hajengi tabia yake kwa kumtazama waziri akikimbia kwenye televisheni ya jirani.

Hapa inafaa kuuliza utafiti unasema nini kuhusu mfano wa mzazi. Mwaka 1991 watafiti wa Framingham, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwavisha vipima mwendo watoto karibu 100 wa miaka 4 hadi 7 pamoja na wazazi wao. Uwezekano wa mtoto kuwa mchangamfu uliongezeka mara 2 kama mama yake alikuwa mchangamfu, mara 3.5 kama ni baba, na mara 5.8 kama ni wote wawili. Namba hizo zimenukuliwa kila mahali, na ndizo zilizolea ule ushauri wa «kuwa mfano». Zinazonukuliwa kwa nadra ni tafiti zilizofuata. Nyingi ziliona uhusiano dhaifu, na nyingine hazikuona kabisa. Kilichojirudia kwa uthabiti zaidi ni mzazi kumsaidia mtoto: kumtoa nje, kumpa ruhusa na muda, kumtia moyo, na kuingia naye mchezoni. Baba anayekimbia peke yake alfajiri, mtoto akiwa bado amelala, anaijenga afya yake mwenyewe tu.

Lipo jambo jingine kuhusu kuiga ambalo wazazi hulidharau. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, aliyeitwa Bobo. Watoto walipoachwa na mwanasesere yule hawakuiga mapigo peke yake. Waliiga hata maneno makali aliyoyatamka yule mtu mzima. Utafiti ule ulihusu ukatili, si mazoezi, lakini unatufundisha kwamba mtoto huchukua kitendo pamoja na hali iliyokizunguka. Mama anayeruka kamba huku akilalamika kuwa tumbo lake linamtia aibu anafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja, na binti yake wa miaka mitano atayashika yote mawili.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, tena mzuri kuliko wa Framingham. Mwaka 1976 Charles Super alichapisha kazi yake aliyoifanya Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za Kenya. Wageni walikuwa wamezoea kusema kwamba watoto wachanga wa Kiafrika huwahi kukaa na kutembea kwa sababu ya damu yao. Super aligundua kuwa akina mama wa Kokwet walikuwa wakifundisha. Walichimba shimo dogo ardhini, wakamketisha mtoto na kumzungushia nguo asianguke. Walimshika makwapa wakamtembeza. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako mama hawakukufundisha, hakukuwahi. Ukiliangalia vizuri, hilo ndilo jibu la swali letu lote. Mtoto hakuangalia tu watu wakitembea. Hao huwaona tangu siku ya kwanza. Mtu mzima alitenga muda, akamshika mkono, akafurahi kila alipopiga hatua.

Wanyarwanda wana methali isemayo umwana apfa mu iterura, kwamba mtoto huharibikia katika kule kubebwa kwake. Nayo inanikumbusha kipengele cha mwongozo wa 2019 kinachosema mtoto mdogo asifungwe zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kitini au mgongoni mwa mlezi. Nakikubali kwa tahadhari. Mgongo wa mama ndio usalama pekee wa mtoto shambani, ambako kuna majembe, moto na mtaro. Aliyeandika kipengele kile labda hakufikiria shamba la maharage kwenye mteremko mkali. Kinachowezekana ni kumshusha wakati wa kupumzika, kumwacha ashike udongo na aangukie matako mara kumi, badala ya kumpa simu ili atulie.

Tena Nyamyumba haihitaji kuazima mfano wa furaha kutoka mbali. Jioni, wavuvi wa sambaza huingia ziwani na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu kwa milunda mirefu, na hupiga makasia kwa kuimba. Samaki wenyewe ni wageni, walihamishiwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini nyimbo zimeshakuwa za hapa. Kazi hiyo ni ngumu, ya usiku kucha, na mshahara wake si wa kujivunia. Hata hivyo mtoto aliyeko ukingoni haoni adhabu wala aibu. Anaona wanaume wenye nguvu wanaokwenda pamoja kwa mdundo mmoja. Ndiyo maana utawakuta watoto wamekaa kwenye gogo wanapiga kasia hewani. Vivyo hivyo ngoma za intore: mtoto wa miaka minne anaruka na kutikisa kichwa kwenye harusi mpaka anatoka jasho, na watu wanamshangilia. Historia nayo inatuunga mkono. Msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg uliopita Rwanda mwaka 1907 uliacha picha za vijana wakiruka urukiramende, kuruka juu kwa namna iliyowashangaza Wazungu. Kuruka kule kulikuwa heshima ya kijana. Wazo kwamba mwili wenye nguvu ni wa masikini ni wazo jipya kuliko tunavyodhani.

Sasa turudi kwenye nyumba. Katika namba za Framingham, za baba zilikuwa kubwa kuliko za mama. Sitaki kuzipa uzito kuliko unaostahili, utafiti ulikuwa mdogo. Lakini zinagusa mahali panapouma. Katika familia zetu mama hana uhaba wa kuonekana akijituma. Anachokosa ni nafasi ya kuonekana akicheza. Kumwambia mama aliyelima, akapika na kuogesha watoto wanne kwamba sasa afanye na mazoezi ili awe mfano ni kumwongezea kazi ya nne. Mwenye nafasi ni baba. Jumapili baada ya kanisa, au Ijumaa baada ya swala kwa Waislamu wa Gisenyi, saa ile anayokwenda kukaa na wenzake kwa bia au kwa chai, nusu yake ingetosha kupiga mpira na watoto kwenye uwanja wa kijiji. Rwanda ina mashindano ya Umurenge Kagame Cup yanayoanzia mashinani, na baba hufunga safari kwenda kuitazama timu ya Nyamyumba. Mtoto naye ataiga hilo, yaani kutazama.

Binti ana hatari yake ya peke yake. Mpaka miaka saba anaruka kamba na kucheza rede sawa na kaka yake, kisha maneno huanza: kaa vizuri, wewe ni msichana, kuna mtoto wa kubeba. Kaka anabaki uwanjani. Hakuna aliyemkataza binti rasmi, amepewa tu kazi nyingine. Mwaka 2015 Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, huko Richmond, Marekani. Wasichana wa leo wana jina la kulitaja. Wanachokosa ni baiskeli ya nyumbani, ambayo kwa desturi ni ya kubebea mizigo na ni ya mwanamume.

Kuhusu ziwa niseme kidogo tu, maana jambo liko wazi. Kivu haina mamba wala kiboko, na hilo huwadanganya watu. Kina chake kinafikia karibu mita 480, na sehemu nyingi ardhi hukatika ghafla hatua chache kutoka ukingoni. Mto Sebeya, unaoingia ziwani upande huu, ulifurika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 na kuua watu na kubomoa nyumba. Mzazi anayemkataza mtoto maji ana sababu. Ila «utakufa maji» peke yake haimfundishi mtoto kuogelea, inamfundisha kwenda kwa kujificha. Anayeweza kuogelea na aingie naye kwenye maji ya magotini, na asiyeweza amtafute anayeweza. Amashyuza, yale maji ya moto ya Nyamyumba ambako watu wazima huenda kukanda viungo vilivyochoka, ni mahali pengine pazuri ambapo mtoto huona mwili ukitunzwa badala ya kutumikishwa tu, mradi ashikwe mkono, kwa sababu kuna chemchemi zinazounguza.

Limebaki suala la umbo na chakula. Makala za kigeni zinahangaika sana na mtoto mnene. Rwanda, kwa vipimo vya 2019 na 2020, asilimia 33 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa mtoto kama huyo neno la kwanza ni uji, na la pili ni uji wenye maziwa au sambaza waliosagwa, na mazoezi yatakuja yenyewe, kwa sababu mtoto aliyeshiba hakai. Mpango wa chakula shuleni, ulioenezwa hadi wanafunzi wote kuanzia awali mwaka 2021, umefanya zaidi kwa mbio za watoto wa nchi hii kuliko filimbi yoyote. Lakini mjini Gisenyi wapo pia watoto wa soda na tableti, na wazazi wao wameanza kusema mbele yao maneno ya kunenepa na kupungua. Mtoto wa miaka minne asiambiwe akimbie ili apungue. Akimbie amfikie kaka yake.

Nikiulizwa nani abadilike kwanza, sitaanza na mama, wala na mtoto. Baba aingie uwanjani walau mara moja kwa wiki, acheze vibaya, achekwe, aendelee. Na walimu wa awali na msingi, kuanzia muhula ujao, waondoe kuruka, kukimbia na kuchuchumaa kwenye orodha ya adhabu zao. Hilo halihitaji bajeti, uwanja wala mafunzo, na mwalimu mkuu anaweza kulitangaza Jumatatu asubuhi.